Kodi na kadi, mfuko mmoja: kisa cha wapangaji wa nyumba ya vyumba tisa Mbeya

Kisa hiki cha kodi ya nyumba na kadi ya bima ya afya ni cha Jiji la Mbeya, kwenye mmojawapo wa mitaa inayopanda mlima. Mtaa hatuutaji, majina yamebadilishwa, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa. Fedha tumeziacha kama zilivyokuwa, maana bila kuzijua huwezi kuelewa watu hawa waliamua nini na kwa nini. Kimeandikwa na wasaidizi wa kisheria kwa ajili ya wenzao, viongozi wa mitaa, na vikundi vinavyotetea watu wa kipato kidogo.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya tofali za kuchoma, vyumba tisa vinavyotazamana kwenye korido moja, bati juu, dari hakuna. Choo ni kimoja cha shimo, bomba moja uani. Wapangaji walikuwa kaya nane, familia moja ikiwa na vyumba viwili. Kulikuwa na mama lishe, wapakia mizigo wa sokoni, fundi cherehani, kijana anayeendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya siku, na mzee mlinzi wa duka. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai anajua kwa nini majiko ya mkaa huingizwa ndani usiku: watu hawapiki tu, wanaota moto. Masika nayo ukuta wa nyuma, ulioegemea mlima, unalowa hadi nguo za kitandani zinanuka.

Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyekaa nyumba ya mbele na mkewe. Kodi ilikuwa shilingi 25,000 kwa chumba kwa mwezi, mkataba wa mdomo. Ukikwama wiki mbili unamwambia, anakusikia. Mwishoni mwa 2023 akafariki. Mjane, ambaye wapangaji wote humwita Bibi, akabaki na nyumba, lakini maneno yakahamia kwa mtoto mkubwa, mfanyabiashara anayeishi mkoa mwingine.

Kwa upande wa matibabu, kaya tatu tu kati ya nane zilikuwa zimewahi kuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko huo ulipata sheria yake 2001, lakini ule wa zamani kadi yake ilitumika kwenye kituo kimoja ulichojiandikisha. Tangu maboresho ya 2018, kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikilipa 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata ngazi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikuwa tayari imepitishwa na Bunge mwaka 2023, ikiwa na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mtaani, hata hivyo, kitu kilichokuwa kikiandikishwa kipindi hicho bado kilikuwa CHF.

Januari

Katikati ya Januari 2024 dalali alipita mlango kwa mlango. Kuanzia tarehe moja Februari, alisema, chumba ni 35,000 na kinalipwa miezi sita mbele. Asiyeweza aachie. Yaani kwa chumba kimoja 210,000 mkononi, mwezi ambao elimu ni bila ada lakini sare, madaftari na viatu havijawahi kuwa bure, na mwezi ambao sokoni mizigo ni michache kwa sababu mazao mengi bado yako shambani.

Mama Tumaini, muuza chakula, ana mtoto wa miaka minane mwenye pumu. Kadi yake ilikwisha Desemba. Alikuwa ameweka 30,000 ya kuihuisha, ikiwa imefungwa kwenye kanga kabisa. Dalali aliposema kuna mtu mwingine anakitaka chumba, ile 30,000 akampa kama malipo ya awali, asije akalala nje. Mtoto alibanwa usiku wa wiki ya kwanza ya Februari. Kwa kuwa umri wake ulishapita ule wa watoto chini ya miaka mitano wanaosamehewa gharama, alitibiwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo ilitoka kwenye mkopo ambao mtaani unaitwa kausha damu: 100,000 inayorejeshwa kila siku jioni, mauzo yawepo yasiwepo.

Alipokuja kwetu hakuja kwa ajili ya bima. Alikuja kuuliza kama dalali ana haki ya kukataa kurudisha 30,000. Ilikuwa ni kwa kumuuliza fedha hiyo ilikuwa ya nini ndipo habari ya kadi na ya mtoto ikatoka. Hapo tukawafuata wengine wa nyumba ile, na kwenye kila chumba tukakuta habari inayofanana: kodi ilipoguswa, cha kwanza kuachwa kilikuwa matibabu.

Mzee Anyisile, yule mlinzi, yake ilikuwa tofauti kidogo. Ana zaidi ya miaka 60 na ana kisukari. Sera inampa msamaha wa gharama kama hana uwezo, ila lazima atambuliwe kuanzia mtaani. Ofisi ya mtaa haikuwa na jina lake. Alikuwa amehama chumba hadi chumba ndani ya mtaa uleule, na daftari la wakazi liliandika nyumba kwa jina la mwenyewe. Wapangaji walikuwa idadi tu. Hata walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, walipotambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, hakuna aliyesimama kumtaja. Nani amtaje? Mpangaji haonekani kama mtu wa pale.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokwenda kupigania kiwango cha kodi kisheria. Wapangaji wengi bado wanaamini ipo sheria inayomzuia mwenye nyumba kupandisha. Ilikuwepo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano. Kuwapeleka watu barazani na hoja ya "kodi imekuwa kubwa" ni kuwapeleka kushindwa mbele ya mtu wanayelala kwenye nyumba yake.

Sheria ya Ardhi ilitupa vitu viwili vidogo lakini vya kweli. Upangaji wa mdomo usiozidi mwaka mmoja unatambulika. Na upangaji wa mwezi hadi mwezi haukatishwi kwa neno la dalali: inatakiwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, nayo iishie siku ya kulipa. Notisi ya katikati ya Januari, kwa hiyo, isingeweza kumtoa mtu tarehe moja Februari.

Kulikuwa na silaha ya tatu, na hii ilitugawa. Baada ya kifo, mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ilikuwa haijafungua mirathi. Mtoto mkubwa hakuwa na karatasi yoyote ya kumruhusu kupanga masharti mapya. Mwenzetu mmoja alitaka tumwandikie barua hivyo, na wapangaji wasimamishe kodi hadi msimamizi aonyeshwe. Kisheria hoja ilikuwa nzuri. Tukaikataa kwa sababu ya Bibi. Kodi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na ndiye pekee katika familia aliyekuwa upande wa wapangaji. Tuliamua kodi ya zamani iendelee kulipwa mkononi mwake, kila malipo yaandikwe kwenye daftari na yeye aweke dole gumba. Suala la mirathi tukalipeleka kwa sauti ya chini, kama swali: "Mama, msimamizi mmeshamchagua?"

Uamuzi wa pili ni mahali pa kuzungumzia. Baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021, linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30 mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tuliliweka akiba. Tukaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, pamoja na mzee wa kanisa aliyemzika marehemu. Tuseme ukweli, 2024 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti husikia vizuri zaidi mwaka wa kura. Nyumba ya kaya nane ina watu wazima wa kutosha kumfanya mtu avue kofia.

Msemaji hakuwa sisi. Alikuwa fundi Lugano, mshona nguo, ambaye alikaa nyumba ile muda mrefu kuliko wote na aliwahi kumshonea marehemu suti. Sisi tulikaa pembeni na hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Kupandisha kutoka 25,000 hadi 35,000 kunamwongezea mwenye nyumba 60,000 kwa chumba kwa miezi sita. Chumba kikikaa wazi miezi miwili tu, anapoteza 70,000 ya kodi hiyohiyo mpya, bado dalali hajachukua chake. Mtoto mkubwa ni mfanyabiashara; kilio hakikumgusa, ila hesabu hii aliomba irudiwe kwenye simu.

Ombi letu halikuwa kodi ibaki palepale. Lilikuwa 30,000, ilipwe mwezi hadi mwezi mpaka Mei, halafu kuanzia Juni ilipwe miezi mitatu mitatu. Juni si tarehe ya kubahatisha. Ndipo mahindi na mpunga wa Kyela na Usangu unashuka sokoni, wapakiaji wana mizigo, na mama lishe ana wateja. Mtu anayeshindwa kutoa 210,000 Februari anaweza kutoa 90,000 Juni bila kugusa hela ya dawa.

Kwa kadi tulitengeneza sanduku tofauti na kikoba cha kawaida cha kuweka na kukopa, 2,500 kwa kaya kwa mwezi. Mzee Anyisile tulimtoa kwenye hesabu kwa kuwa yeye njia yake ni msamaha. Zikabaki kaya saba. Kijana wa bajaji, Frenki, akakataa. "Mimi niko peke yangu, nalipa sawa na mwenye watoto wanne, na sijaugua tangu nianze kazi." Alikuwa na hoja, kadi ilikuwa 30,000 uwe mmoja au sita. Tukabaki na kaya sita, 15,000 kwa mwezi, kadi moja kila miezi miwili. Swali likawa nani aanze. Walioshauri kura walishindwa na walioshauri ugonjwa, na Mama Tumaini akaanza.

Jambo la mwisho liliingizwa kwenye mazungumzo na mhudumu wa kituo cha afya, si sisi. Alimwambia Mama Tumaini kwamba dawa bila kuutoa moshi ndani ni kumwaga maji kwenye pakacha. Tukaongeza kwenye ombi: banda la kupikia uani.

Kilichopatikana

Makubaliano yalisainiwa kabla Februari haijaisha. Kodi 30,000, mwezi hadi mwezi mpaka Mei, kisha miezi mitatu. Bibi alitoa mbao za banda, wapangaji wakatoa mabati machakavu na nguvu zao. Ile 30,000 ya dalali ilizua kelele zake, yeye akidai ni ada, mpaka Bibi mwenyewe akaamua ihesabiwe kuwa kodi ya Februari ya Mama Tumaini na dalali adai anakojua.

Karatasi ilikuwa na saini ya mwenyekiti, lakini tulisisitiza pia saini na muhuri wa afisa mtendaji wa mtaa. Novemba uchaguzi ulipofika mwenyekiti hakurudi. Mpya hakujua lolote. Mtendaji ni mwajiriwa, alikuwepo, na karatasi ikaendelea kuheshimiwa.

Kadi zilitoka polepole mpaka Juni, kisha tatu kwa mpigo, kwa sababu kaya tatu zilikuwa na hela ya msimu zikajilipia bila kusubiri zamu. Frenki hajajiunga na hajaugua.

Mtoto alitibiwa kituo cha afya kwa kadi mara kadhaa. Baadaye alipelekwa ngazi ya juu zaidi ya hospitali ya mkoa kwa uchunguzi, na huko kadi ilikuwa haifiki. Mama Tumaini alilipa mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia mapema kwamba kadi ina mpaka, na aliona kama ametapeliwa. Wiki ileile wapangaji wawili walisita kuweka 2,500 zao.

Mzee Anyisile alipata barua ya mtaa baada ya Bibi kuthibitisha kwamba ni mpangaji wake. Ofisi ya ustawi wa jamii ikampa msamaha wa kumwona daktari na vipimo. Dawa zilipokosekana kituoni alinunua duka la dawa. Kisha, Agosti, familia ikaamua chumba chake, kilichotazama barabara, kigeuzwe fremu ya biashara. Safari hii notisi ilikuwa ya maandishi, ya kipindi kizima cha kodi, isiyo na kasoro. Alihamia kata nyingine. Kule hajulikani, na barua ya mtaa wa zamani haikumsaidia kitu. Ilibidi aanze tena kutafuta wa kumthibitisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kubadili kalenda, si bei. Punguzo la 5,000 kwa mwezi lilipendeza, lakini kilichookoa kadi ni kuondolewa kwa mkupuo wa Februari. Watu wa kipato cha kila siku hawashindwi na 30,000 ya mwaka. Wanashindwa na 30,000 ya kadi inapokutana na kodi ya miezi sita na sare za shule mwezi mmoja. Mashirika mengi ya utetezi hupanga mambo haya kwenye mafaili mawili: huku makazi, huku afya. Anayehamasisha CHF Januari bila kuuliza kodi inalipwa lini anapoteza mate, na anayepigania kodi bila kuuliza kadi inaisha lini anaweza kusherehekea makubaliano ambayo malipo yake ya kwanza yametoka kwenye dawa za mtoto.

Kutotumia hoja ya mirathi kwa nguvu bado kunabishaniwa kati yetu. Wanaoikosoa wanasema tungepata masharti bora, pengine mkataba wa mwaka, na Mzee Anyisile asingetolewa kirahisi Agosti. Wana haki kwa sehemu. Mkataba wa mwaka ndicho kitu pekee ambacho kingemlinda, na hatukuuomba. Lakini familia ilifungua mirathi baadaye, msimamizi akawa yuleyule mtoto mkubwa. Angekuja na barua ya mahakama mkononi na kinyongo moyoni. Kwa jinsi wapangaji wanavyoishi na wenye nyumba huku, mlango kwa mlango, bomba moja, mimi naona swali la sauti ya chini lilitosha.

Sanduku la kadi lilikuwa na udhaifu wa kimaumbile. Kwa kaya sita, wa mwisho anasubiri mwaka mzima huku akichangia wenzake. Hilo linahimilika tu pale watu wanapofahamiana na msimu mzuri uko karibu. Sanduku kama hilo likianza Julai, baada ya msimu, kila mtu atakuwa anasubiri kipindi kirefu cha ukame wa fedha, na sidhani lingefika Desemba. Mwenye kutaka kuiga aanze Februari au Machi, au apate kikoba chenye mfuko wa kusaidiana kikopeshe kadi zote siku moja na kurejeshewa kidogo kidogo.

Kwenye mpaka wa kadi kosa ni la maelezo. Waandikishaji hulipwa kuandikisha, na mtu anayesikia "unatibiwa hadi hospitali ya mkoa" hasikii "huko juu utalipa". Imani iliyopotea kwa Mama Tumaini iligharimu zaidi ya uchunguzi wenyewe.

Lakini pigo kubwa ni la Mzee Anyisile, na hapa ndipo makazi na matibabu vinaposhikana kwa namna ambayo sera haijaiona. Msamaha wa wazee, utambuzi wa kaya maskini, na mfuko wa wasio na uwezo chini ya sheria ya 2023, vyote vinategemea mtaa kumjua mtu. Mtaa humjua mwenye nyumba. Kadiri mpangaji alivyo maskini ndivyo anavyohamahama, na kadiri anavyohama ndivyo anavyofutika kwenye orodha ambayo ingemsaidia. Ukiweka vigezo vizuri vya umaskini lakini ukavipitisha kwenye daftari la wenye nyumba, utawapata maskini wenye nyumba.

Tulipeleka mambo mawili kwa diwani. La kwanza, mwongozo wa jiji kuhusu malipo ya miezi mingi mbele. Jibu lilikuwa kwamba hilo si la halmashauri, na mazungumzo yakaishia hapo. La pili, daftari la wakazi liandike kila mpangaji kwa jina lake na tarehe aliyoingia, na anapohama apewe barua ambayo mtaa mpya utaipokea bila kuanza upya. Mtaa wa nyumba ile ulikubali nusu ya kwanza na mtendaji amefungua safu mpya kwenye daftari, kwa kalamu na rula. Nusu ya pili inahitaji kata mbili zikubaliane. Kata aliyohamia Mzee Anyisile imesema itasubiri maelekezo kutoka juu. Yeye kwa sasa ananunua dawa zake kwa mshahara wa ulinzi, nusu dozi kwa wakati.